Siku arobaini za hatua elfu kumi, kilo moja tu: aliyekosea siyo dada wa Mkomaindo

Kuna dada mmoja wa Mkomaindo, pale Masasi mjini. Jina halina haja ya kutajwa, wanaomfuatilia wameshamjua. Kwa siku arobaini mfululizo dada huyu alikuwa anaposti kitu kimoja tu kila jioni: skrinishoti ya simu yenye duara la kijani na namba ya hatua za siku hiyo. 10,112. Kesho yake 10,430. Jumapili moja akafika 12,006, akaweka na emoji za moto.

Mwanzo watu walimpa maua yake. "Shosti umetisha." "Fiti sana dada'angu, na sisi tunakuja." Kuna waliopakua programu ya kuhesabu hatua siku hiyohiyo kwa sababu yake. Halafu siku ya arobaini na moja akaposti mizani. Alianza na kilo 84. Sasa ana 83.

Hapo komenti zikageuka. "Siku arobaini kilo moja? Si bora ungelala tu." Mwingine akaandika, "Hizo hatua zinaenda na kurudi kwa muuza chipsi." Emoji za kucheka zikamiminika, waliokuwa wanasifia wakakaa kimya, na kabla ya saa nne usiku posti zote arobaini zilikuwa zimefutwa. Tangu siku ile hajaposti hatua hata moja. Majirani wanasema hata ile alfajiri yake ya kutoka na raba nyeupe imeisha.

Jamani, hii ni hasara. Mtu aliyetembea siku arobaini bila kukosa amefanya jambo ambalo wengi wa waliomcheka hawajawahi kulifanya hata wiki moja. Kisha akaliacha kwa sababu alipewa kipimo kisicho chake. Alitembea, akapimwa kwa kilo. Hatua na kilo ni daftari mbili tofauti, na watu wengi mtandaoni wanazisoma kama moja. Gharama yake ndiyo hiyo: mtu anatupa dawa nzuri kwa sababu haikutibu ugonjwa mwingine.

Elfu kumi ilitoka dukani

Embu waulize watu kumi wanaoposti hatua zao kwa nini iwe elfu kumi na siyo elfu nane au kumi na moja na mia tano. Wengi watajibu "wataalamu wamesema". Ukweli ni kwamba namba hiyo haikuanzia kwa daktari. Ilianzia kwa mfanyabiashara.

Mwaka 1964 Tokyo iliandaa Olimpiki, na Japani nzima ikashikwa na homa ya mazoezi. Mwaka uliofuata, 1965, kampuni moja ya huko ikaingiza sokoni kifaa kidogo cha kufunga kiunoni kinachohesabu hatua. Wakakiita Manpo-kei, maana yake "kipimo cha hatua elfu kumi". Namba ilikuwa nzuri mdomoni, ya mviringo, rahisi kukumbuka. Ikauza. Miaka zaidi ya hamsini baadaye namba ileile imekaa kwenye simu za Masasi, Nairobi na London kama vile iliteremshwa na Wizara ya Afya.

Wanasayansi walikuja kuipima baadaye sana. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake karibu 17,000, wastani wa umri miaka 72. Waliokuwa wanatembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi, kisha ikatulia. Mwaka 2025 uchambuzi mkubwa ulioongozwa na watafiti wa Sydney, Australia, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ukafika karibu na hapohapo. Watu wa hatua 7,000 kwa siku, wakilinganishwa na watu wa hatua 2,000, walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyo chini kwa karibu nusu.

Tafiti za aina hii zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi kwamba kila hatua imeongeza siku. Mtu mgonjwa pia hutembea kidogo kwa sababu anaumwa. Hata hivyo ujumbe unaeleweka: anayetoka kwenye hatua 2,000 kwenda 5,000 amepata kitu kikubwa, hata kama duara la simu halijawa kijani. Na ona kinachozungumzwa humo: uhai, moyo, kisukari. Hakuna aliyeahidi kiuno.

Hesabu ya ile kilo moja

Sasa kaa na kalamu. Hatua elfu kumi ni kama kilomita saba hivi, zaidi au pungufu kulingana na urefu wa miguu. Kwa mtu wa kilo 80 na kitu, mwendo huo unaunguza kama kalori 300 juu ya zile ambazo mwili ungetumia hata akiwa amekaa kwenye kochi.

Lakini dada wa Mkomaindo hakuanzia sifuri. Hata kabla ya programu, alikuwa anatembea. Dukani, sokoni, kwa mama yake mdogo, kisimani bomba likikata. Tuseme ilikuwa hatua 5,000. Kwa hiyo alichoongeza ni hatua 5,000, yaani kalori kama 150 kwa siku. Zidisha mara arobaini, unapata 6,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori kama 7,700.

Umeona? Kwa hesabu hiyo hakutakiwa kupungua hata kilo nzima. Ile kilo moja waliyoicheka ilikuwa sahihi, na pengine zaidi ya sahihi. Dada alifanya kila kitu vizuri, mwili wake ukafanya kila kitu vizuri, ila watu wa komenti walikuwa na hesabu ya kwenye sinema.

Sasa upande wa pili wa daftari. Soda moja ya chupa, ile ya mililita 350, ina kalori kama 150. Yaani hatua elfu tano zote zilizoongezwa, jua lote lile, zinaondoka kwenye chupa moja ya baridi stendi. Sahani ya chipsi mayai inavuka hatua elfu kumi nzima na kubaki na chenji. Na hapa hakuna aliyefanya dhambi. Mtu akitembea anasikia njaa, na akiona duara la kijani anajisikia amestahili kitu. "Leo nimetembea bwana, acha nile." Simu haihesabu hiyo.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2016 ambao kila mwenye saa ya kuhesabu hatua angepaswa kuujua. Vijana 471, umri wa miaka 18 mpaka 35, wote waliingizwa kwenye programu ya kupunguza uzito, chakula na mazoezi. Baadaye kundi moja likapewa vifaa vya kuvaa vya kupima mwendo wao. Kundi lingine likaendelea bila hivyo. Baada ya miaka miwili, wenye vifaa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.5. Wasio na vifaa, kilo 5.9. Waliovaa kifaa walipungua kidogo zaidi!

Haki itendeke: kifaa chenyewe hakina ubaya. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2007 yalionyesha kwamba mtu akipewa kihesabu hatua huongeza kama hatua 2,500 kwa siku. Kwa hiyo kinakutoa nyumbani, na hiyo ni kazi kubwa. Ila kukutoa nyumbani na kukupunguza kilo ni kazi mbili, na ya pili inafanyika zaidi jikoni.

Wahadza wanatembea kuliko wote, na bado

Mwenye shaka asiende mbali, jibu lingine limepimwa hapahapa Tanzania. Pembeni ya Ziwa Eyasi, kaskazini, wanaishi Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume wao hutembea zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Mwaka 2012 kundi la watafiti likiongozwa na Herman Pontzer lilitoa matokeo ya kupima nishati wanayotumia, kwa njia ya kunywesha watu maji yenye alama maalumu na kuyafuatilia kwenye mkojo. Kila mtu alitegemea Wahadza wanaunguza kalori nyingi kuliko karani wa Marekani anayekaa kwenye kiti siku nzima.

Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, jumla ya kalori kwa siku zilikuwa karibu sawa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye miguu, polepole unabana matumizi kwingine. Wataalamu bado wanabishana bajeti hiyo inabana kiasi gani, lakini fundisho la mtaani limebaki palepale: ukiongeza mwendo, usitegemee kila kalori iliyoandikwa kwenye simu ikatwe kwenye mwili wako.

Na Wahadza ni wembamba, kweli. Wanakula mizizi, matunda ya mwituni, ubuyu, nyama na asali yao, na hakuna kibanda cha chipsi porini. Miguu inawapa moyo imara na uzee wenye nguvu. Wembamba unatoka zaidi kwenye sahani.

Wanaotembea bila skrinishoti

Rudi kusini. Masasi wenyewe ni mji uliozaliwa kwa miguu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, alitembea kutoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani mpaka hapa chini ya milima ya mawe, wakaanzisha makazi. Hakuna aliyewaambia wamefikisha lengo la siku.

Panda uwanda wa juu mpaka Newala, ukawaulize bibi za watu. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, mvua inazama chini na kwenda zake, maji yanatokea mabondeni. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, maji yalikuwa chini ya miteremko ile. Mwanamke anashuka na mtungi mtupu, anapanda na mtungi uliojaa kichwani. Na mpaka leo bomba likikauka, ndoo inarudi kichwani. Hakuna programu iliyowahi kumpa bibi huyo medali ya kidijitali.

Kuna stori inazunguka Masasi ya binti mmoja aliyerudi likizo kutoka Dar, akamwonyesha bibi yake simu. "Bibi, leo nimetembea hatua elfu kumi."

"Ehe, ulikuwa unakwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Siendi mahali, bibi. Natembea tu halafu narudi."

Bibi akamwangalia. "Basi kesho ukitembea tu, pitia kwa shangazi yako uniletee mbaazi."

Watu wanacheka hapo, ila bibi amesema kitu. Mama anayezunguka stendi na beseni la ming'oko tangu asubuhi mpaka jua lizame amepitisha elfu kumi kabla ya mchana. Simu yake ndogo iko kwenye chaji dukani, na hata ingekuwa ya kisasa, kanga haina mfuko. Dereva wa bodaboda naye akipita kwenye mashimo simu yake inaweza kumwandikia hatua ambazo hajazitembea. Kwa hiyo ubao wa matokeo unaoonekana mtandaoni ni wa wenye simu nzuri, bando na muda. Miguu yenyewe iko kwa wengine.

Na hapa kuna jambo la kusema polepole. Usimwangalie mama wa ming'oko ukasema, "Ona, yeye hatua zimemfanya mwembamba." Wembamba mwingine ni njaa. Kuna watu wanatembea kwa sababu nauli haipo, na wanakula mara moja kwa sababu ya pili haipo. Kumgeuza mtu huyo kuwa motisha ya diyeti yako ni kukosa adabu.

Unene wa sifa, unene wa kejeli

Dada wa Mkomaindo ana tatizo lingine ambalo wa London hana. Nyumbani akinenepa kidogo, mashangazi wanapiga vigelegele: "Maisha yamemkubali." Akipungua, mama mkwe anauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu unaumwa? Au huko ndani kuna shida?" Wembamba kwao una historia mbaya, umeshawahi kuwa jina la ugonjwa. Kisha akifungua simu, vijana walewale ambao mama zao wanasifia wanene wanamwita kibonge.

Abebe lipi? Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba hivi, pesa ikiingia mjini, hakuna harusi, unyago wala kitchen party atakayokwenda bila kushindiliwa sahani. Akikataa pilau, anajidai. Akila, ni kibonge. Akitembea, anajionyesha. Akiacha kutembea, mvivu. Kwa mtu anayeishi katikati ya hayo yote, skrinishoti ya hatua ilikuwa kitu pekee kilichokuwa chake. Ndiyo maana kile kicheko kiliuma vile.

Na siyo dada mmoja. Takwimu za afya za Tanzania zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliopitiliza, umri wa miaka 15 mpaka 49, walipanda kutoka asilimia 22 mwaka 2010 mpaka 28 mwaka 2015-16. Zaidi ya mmoja kati ya wanne. Presha na kisukari vinafuata nyuma. Mji ambao unamcheka mwanamke anapotembea ndiyo huohuo utakaochangishana kumsafirisha hospitali ya rufaa.

Mastaa na "ni hatua tu"

Sasa tuhamie Dar kidogo, maana huko ndiko mfano unatoka. Kila baada ya miezi michache staa mmoja anaibuka na picha mbili: ya zamani ana tumbo, ya sasa kiuno cha nyigu. Mashabiki wanauliza siri. Jibu: "Hatua elfu kumi kila siku na maji ya uvuguvugu, basi." Wiki mbili baadaye akaunti hiyohiyo inauza chai ya kukata tumbo, lipa kabla ya kupokea, mikoani tunatuma kwa basi.

Staa akiwa na mwalimu wake wa mazoezi, mpishi, mpiga picha anayejua pembe nzuri, hata kama amepita kwa daktari, huo ni mwili wake na pesa yake. Hakuna anayemdai faili. Lakini akisema hadharani "ni hatua tu" wakati siyo hatua tu, anayeumia ni binti wa Mkomaindo anayefanya hatua zilezile, anapata kilo moja, na anaamini tatizo ni yeye.

Kuhusu zile chai, nyingine zimewekwa majani ya kuharisha. Unashinda chooni, mizani inashuka kilo mbili, unafurahi. Ulichopoteza ni maji. Ukinywa maji yanarudi, na tumbo limeshachoka. Pesa ya pakiti moja ingenunua mboga za wiki.

Basi atembee au asitembee?

Atembee! Tena atembee zaidi. Ila abadilishe anachokidai kutoka kwenye miguu yake.

Kwanza, namba ya kuanzia iwe ya kwake. Wiki ya kwanza aache simu ihesabu bila kujibana, aone kawaida yake. Ikiwa 3,000, aongeze elfu moja. Ikizoeleka, elfu nyingine. Akifika 7,000 hivi na akakaa hapo kwa mwaka mzima, amemshinda mtu wa elfu kumi aliyekaa siku arobaini.

Pili, mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake unaweza kuongea ila kuimba kunakushinda. Dakika 30 kwa siku, siku tano, umemaliza. Ukipandisha kuelekea upande wa Mtandi, ule mlima wa mawe, utajua mwenyewe kama bado unaweza kuimba. Wanashauri pia mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki. Kuchuchumaa na kusimama, kubeba ndoo, jembe shambani, yote yamo. Jembe halina skrinishoti lakini misuli inalijua.

Tatu, kilo zipelekwe jikoni, ndiko kwao. Soda ya kila siku iwe ya Jumapili. Sukari ya chai ipungue kijiko kimoja kwanza. Mafuta ya mchuzi yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Ugali upungue kidogo, mbaazi, kunde na majani ya kisamvu yaongezeke, na kwa bahati kusini vitu hivyo havihitaji duka la kifahari. Asishinde na njaa. Mtu anayetembea na njaa mchana, usiku anakula na hasira.

Nne, kipimo. Badala ya mizani kila asubuhi, achukue kamba ya fundi cherehani apime kiuno mara moja kwa mwezi. Aangalie kama ule mlima unampandisha pumzi vilevile. Aangalie usingizi. Apime presha na sukari hospitali ya Mkomaindo au kituo chochote cha afya kilicho karibu. Mtu presha yake ikishuka huku kilo ziko palepale, amefanikiwa, hata kama picha haina cha kuonyesha. Na mwenye kisukari, maumivu ya kifua au magoti mabovu aongee na daktari kabla ya kuongeza mwendo.

Tano, asitembee peke yake. Binti akitoka alfajiri peke yake, boda wa kijiweni watampigia honi na "kibonge panda nikupeleke", na giza nalo lina mambo yake. Wawili ni afadhali, watano ni jogging. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Vikundi vya jogging viko miji mingi, na raha yake ni kwamba ukiwa unaimba na wenzako hakuna anayekumbuka kuangalia duara la kijani.

Na wewe wa komenti

Mwisho, neno kwa waliocheka. Komenti ni rahisi, haili bando nyingi. Lakini ile "bora ungelala" ilimrudisha mtu kitandani kweli. Presha ikimpanda miaka kumi ijayo, hakuna atakayekumbuka nani aliandika. Yeye atakumbuka.

Uzito ni jambo ambalo mtu hana mamlaka nalo yote. Kuna mwili aliozaliwa nao, uzazi, dawa, msongo, kazi ya kukaa. Kutoka nje alfajiri ni jambo ambalo ana mamlaka nalo, na alilifanya mara arobaini. Hicho ndicho cha kupongeza. Rafiki wa kweli haulizi "umepungua ngapi?" Anauliza, "Kesho tunatoka saa ngapi?"

Dada wa Mkomaindo, kama unasoma kimyakimya: zile siku arobaini hazijafutika kwa kufuta posti. Zimo kwenye moyo wako, kwenye mishipa, kwenye magoti. Raba bado ziko chini ya kitanda. Zivae, na safari hii simu ukitaka iache nyumbani.

Haya, wadau wa Masasi, Newala, Ndanda na Mangaka: nani anatoka Jumamosi, na saa ngapi? Dondosha hapo chini. Kilo zako baki nazo.